Sura ya Sita: Bima Kabla ya Kuwasha Mashine

Mashine ya presha inayotumia petroli, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa kote Marekani, hurusha maji kwa nguvu ya pauni 3,000 hadi 4,000 kwa kila inchi ya mraba. Ngozi ya mwanadamu haihitaji nguvu hiyo ili itoboke. Pauni 100 zinaweza kutosha. Maji yanayong'oa kuvu kwenye saruji kwa dakika chache ndiyo hayo hayo yanayochimba mistari kwenye ubao wa mwerezi, yanayofyatua mpira wa kuzibia kioo cha dirisha, yanayopenya nyuma ya kuta za vinaili na kulowesha nyumba kwa ndani bila mtu kujua mpaka harufu ianze. Yote haya hutokea mkono ukikaribia ukuta kuliko inavyotakiwa, au ukifungwa mdomo wa bomba usiofaa kazi ile. Ndiyo maana nimeiweka sura hii mbele ya ile ya kutafuta wateja.

Ninaowaandikia ni wasemaji wa Kiswahili walioanza maisha mapya Marekani: Wakongo wa Lexington na Louisville, Wakenya wa Dallas na Minneapolis, Watanzania wa Houston na kwingineko. Wengi huipenda kazi ya kuosha nyumba na sakafu za nje kwa sababu mtaji wake unafikika. Mashine, mipira ya maji, ngazi, dawa na gari la kubebea, basi umeanza. Kinachowakwamisha mara nyingi ni simu ya meneja wa majengo anayeuliza swali moja tu: una bima? Hapo mtu hukimbilia intaneti usiku ule ule, akanunua ya bei ya chini kuliko zote, akadhani kamaliza.

Kwa aliyewahi kumiliki gari Dar es Salaam, bima yenyewe si ngeni. Bima ndogo ya gari hulipa hasara uliyomtia mtu mwingine. Gari lako likibondeka, unajijua. Bima ya dhima ya biashara hufanya hivyo hivyo kwa kazi yako. Mpita njia akiteleza kwenye maji uliyoyaacha kando ya barabara akavunjika nyonga, au ukivunja kioo na maji yakaharibu zulia la sebuleni, bima hii ndiyo inayomlipa aliyeumia au aliyepata hasara. Tena kuna faida yake kubwa isiyosemwa sana: ukishtakiwa kwa jambo linaloweza kuangukia ndani ya mkataba, kampuni ya bima ina wajibu wa kukuwekea wakili na kumlipa, hata kama mwishowe itaonekana hukuwa na kosa. Katika nchi ambayo saa moja ya wakili hugharimu mamia ya dola, wajibu huo peke yake unaweza kuokoa biashara.

Nimewasikia wengi wakisema wana kinga tayari kwa kuwa wamesajili LLC, yaani kampuni ambayo deni lake halimfikii mmiliki. Usajili huo ni mzuri na si ghali. Kentucky ada yake ni dola 40, Texas ni dola 300. Lakini kinga yake haifiki pale wengi wanapodhani. Ukishika bomba kwa mkono wako mwenyewe ukaharibu kwa uzembe, aliyeharibiwa anaweza kukudai wewe mwenyewe pamoja na kampuni yako. Mtu anayefanya kazi peke yake ndiye mwenye mikono na ndiye mwenye kampuni, kwa hiyo LLC humfaa zaidi kwenye madeni ya kibiashara kuliko kwenye ajali. Bima ya nyumba unayoishi nayo hutenga shughuli za biashara. Bima binafsi ya gari mara nyingi hukataa madai ya gari lililokuwa limebeba mashine kwenda kazini. Gari hilo linahitaji bima ya gari ya kibiashara. Na mashine yako ikiibwa kwenye gari, bima ya dhima haikupi hata senti, maana kazi yake ni kulipa wengine. Vifaa hukatiwa bima yake, na kwa bahati nzuri huwa ni nyongeza ya bei ndogo.

Sasa bei. Kwa mtu mmoja anayeosha nyumba za kawaida na njia za kuingizia magari, asiye na mfanyakazi wala madai ya nyuma, ada ya mwaka kwa kawaida huanzia dola mia kadhaa na huweza kupita elfu moja, kutegemea jimbo na aina ya kazi. Kiwango kilichozoeleka ni cha dola milioni 1 kwa tukio moja na dola milioni 2 kwa mwaka mzima. Kushusha kiwango ili kupunguza ada hakusaidii sana, kwa sababu madai mengi ni ya kiasi kidogo na sehemu kubwa ya ada hulipia hayo. Isitoshe, wenye majengo ya biashara na vyama vya wamiliki wa nyumba huulizia milioni 1, na ukiwa chini ya hapo hupewi kazi.

Kampuni hupanga ada kwa kuangalia mapato unayotarajia au mishahara utakayolipa, urefu wa majengo, aina ya kazi, na kama umewahi kudaiwa. Hapa wapo wanaoshauriana kuandika mapato madogo kuliko ukweli. Nawasihi msifanye hivyo. Mwisho wa mwaka kampuni ina haki ya kukagua vitabu vyako; ukiwa uliandika dola 20,000 na umeingiza 60,000, utaletewa ankara ya tofauti, nayo huja wakati wa baridi ambapo kazi zimelala. Na kwa kuwa kila kampuni ina kiwango cha chini cha ada ambacho haishuki, mfanyabiashara mdogo anayepunguza makadirio yake mara nyingi hapati unafuu wowote kwa udanganyifu huo.

Unafuu wa kweli uko kwenye kueleza kazi yako kwa usahihi. Kama huoshi mapaa, sema huoshi. Kama hupandi zaidi ya ghorofa mbili, iandikwe. Mapaa na urefu ndivyo vinavyoitisha kampuni, na mtu asiyegusa vitu hivyo hana sababu ya kulipa sawa na anayevigusa. Kukubali kuanza kulipa mwenyewe dola 500 au 1,000 za kwanza za kila dai hushusha ada pia, ila uwe na fedha hizo zimekaa mahali. Kulipa ada ya mwaka kwa mkupuo huondoa gharama za malipo ya kila mwezi. Mafunzo nayo yana uzito: chama cha Power Washers of North America, kilichoanza mwaka 1992, hutoa mafunzo na vyeti, na wakala mzuri anajua jinsi ya kuvitaja anapokuombea bei.

Lakini bei ya bima haina maana mpaka ujue inakataa kulipa nini. Hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo hata kama atasahau mengine, na ndilo linalowaumiza watu wetu. Ukurasa wa kwanza wa mkataba una jina lako na ile milioni, kwa herufi kubwa. Kurasa zinazoamua kama utalipiwa ziko nyuma, chini ya kichwa kinachosema mambo yasiyofidiwa.

La kwanza ni kile kitu unachokiosha. Chukua mfano wa sakafu ya mbao nyuma ya nyumba. Umeitwa kuiosha kwa dola 250. Mashine inakata nyuzi za mbao na sakafu nzima inabaki na michirizi. Mwenye nyumba anataka mbao mpya, dola 6,000. Wakati huo huo maji yamerukia mlango wa kioo ulioachwa wazi, yakaharibu kinanda ndani. Mkataba wa kawaida wa dhima unaotumika Marekani utalipa kinanda. Sakafu, huenda usilipe. Sababu ni kwamba mkataba huo hutenga uharibifu wa ile sehemu hasa ya jengo unayoifanyia kazi, pamoja na gharama ya kurudia kazi iliyofanywa vibaya. Makampuni ya bima yanaona hivi: kufanya kazi yako vizuri ni jukumu lako, wao wanabeba ajali zinazotapakaa nje ya kazi hiyo. Hoja hiyo ina mantiki kwa mjenzi. Kwa muosha presha ni pigo, kwa sababu kitu anachoweza kukiharibu kwa urahisi kuliko vyote ni kile kile alichoitwa kukiosha.

Dawa yake ipo. Baadhi ya kampuni huuza nyongeza ya mkataba inayofidia, hadi kiasi fulani, uharibifu wa kitu unachokifanyia kazi au kilicho chini ya uangalizi wako. Muulize wakala kwa maneno haya haya: nikiharibu ukuta ninaouosha, si wa jirani, huu ninaouosha, mtalipa? Akijibu ndiyo, mwombe akuonyeshe ukurasa. Akisema itategemea, mwandikie barua pepe umuombe akujibu kwa maandishi. Bima ya dola 900 yenye nyongeza hii ni rahisi kuliko ya dola 500 isiyo nayo, na siku ya sakafu ya mbao kila mtu huliona hilo.

La pili ni maji machafu. Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 inakataza kumwaga uchafu katika mito na maziwa bila kibali, na mitaro ya maji ya mvua ya miji ya Marekani kwa kawaida hupeleka maji moja kwa moja kwenye vijito bila kuyasafisha. Mafuta ya sakafu ya karakana, sabuni na dawa ya jiki unayonyunyizia kuta, vyote vikiingia mtaroni ni uchafuzi. Mikataba ya kawaida hutenga uchafuzi karibu wote. Anayeosha vituo vya mafuta au maegesho ya malori asiuone mkataba wake kuwa umekamilika bila kinga ya uchafuzi, na awe na vizuizi vya kuzuia maji na pampu ya kuyanyonya. Hata anayeosha nyumba tu aulize, maana jiki ikiua maua ya jirani, kampuni nyingine hulihesabu tukio hilo kuwa uchafuzi.

La tatu ni jina la kazi yako kwenye mkataba. Baadhi ya mikataba, hasa ya bei ya chini, hufidia zile shughuli zilizotajwa tu. Ukiandikishwa kama mfanya usafi wa ofisi kwa sababu fomu ya mtandaoni haikuwa na kisanduku cha kuosha kwa presha, siku ukiharibu paa utaambiwa paa halimo. Paa la vigae vya lami, kwa njia, halipaswi kupigwa presha hata kidogo. Maji yenye nguvu hung'oa punje zinazolinda vigae, na chama cha watengenezaji wa vigae hivyo kinaonya wazi. Huoshwa kwa dawa na maji ya nguvu ndogo. Kama unafanya kazi hiyo, iwe imeandikwa.

Kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya Kimarekani hulipitia juu juu, kwa kuwa waandishi wake hawaishi kama sisi. Jumamosi kazi ni nyingi, unamwita binamu aje akushikie mpira. Shemeji naye anakuja, kwa sababu amekaa nyumbani. Hakuna mshahara, jioni mnakula pamoja na unampa cha mafuta. Binamu akianguka kutoka kwenye ngazi, bima ya dhima inaweza kumhesabu kuwa mfanyakazi wako na ikakataa, maana majeraha ya wafanyakazi yana bima yake. Texas humruhusu mwajiri binafsi kuchagua kutokuwa na bima hiyo. Majimbo mengi hayampi nafasi hiyo akishakuwa na mfanyakazi. Katika Ohio, Washington, Wyoming na North Dakota bima hiyo hununuliwa kwenye mfuko wa jimbo lenyewe, na si kwa kampuni binafsi. Undugu wetu ni hazina, nami sitamwambia mtu asisaidiwe na nduguye. Ila ndugu huyo ana watoto, na mgongo wake ukivunjika watakaolala njaa ni wao. Mkatie bima, au usimpandishe ngazi.

Ukimkabidhi kazi mwenzako mwenye biashara yake, mwombe cheti chake cha bima kabla hajaanza. Asipokuwa nacho, mkaguzi wa mwisho wa mwaka anaweza kuyahesabu malipo uliyompa kama mishahara yako na kukutoza.

Kununua kwenyewe kuna njia mbili. Zipo kampuni zinazouza moja kwa moja mtandaoni, kama ERGO NEXT (zamani Next Insurance) na Hiscox, ambazo hukupa bei kwa dakika chache na cheti siku hiyo hiyo. Thimble ilijulikana kwa kuuza bima ya saa, siku au mwezi, jambo linalomvutia anayepata kazi mbili tu kwa mwezi. Njia ya pili ni wakala wa kujitegemea, anayewakilisha kampuni kadhaa na anayelipwa kamisheni na kampuni. Kwa mtu mwenye kuta za nyumba na njia za magari tu, mtandao unaweza kutosha, mradi ausome mkataba. Kwa mwenye mapaa, majengo marefu au wafanyakazi, mimi namshauri wakala, na hasa wakala aliyewahi kuwahudumia waosha presha wengine. Ukimuuliza kuhusu sakafu ya mbao utajua mara moja kama anaielewa kazi.

Kampuni yoyote utakayopewa, itafute kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo lako uone kama ina kibali. Kampuni iliyopewa kibali na jimbo ikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo hulipa madai hadi kikomo fulani. Zile zinazouza bima za hatari ngumu nje ya utaratibu huo ni halali, na wakati mwingine ndizo pekee zitakazokukubali, lakini kwa kawaida mfuko huo hauzihusu. Kwa hizo, angalia alama zilizopewa na AM Best, shirika lililoanzishwa mwaka 1899 ambalo hupima uwezo wa kampuni za bima. Uliza pia kiasi gani cha ada hakirudi ukivunja mkataba mapema. Robo ya ada ni jambo la kawaida.

Bima ya muda mfupi inanitia wasiwasi kwa sababu moja. Mikataba mingi ya dhima hufidia hasara iliyotokea mkataba ukiwa hai. Maji uliyoyasukuma nyuma ya ukuta mwezi Oktoba yanaweza kuozesha mbao taratibu hadi Januari. Waosha presha wa Minnesota wanaovunja bima baridi ikianza wanaokoa dola mia moja au mbili, lakini hasara itakayotokea baada ya hapo inaweza kuwakuta bila mlinzi. Anayeweza kumudu aiache iendelee mwaka mzima.

Meneja wa majengo atakuomba cheti, kwa kawaida fomu inayoitwa ACORD 25, na pengine atataka kampuni yake iandikwe kwenye bima yako kama mnufaika wa ziada, ili akishtakiwa kwa kosa lako bima yako imlinde naye. Hilo la pili hufanywa kwa nyongeza ya mkataba. Kuandika jina lake kwenye cheti peke yake hakumpi haki yoyote. Wapo wanaobadilisha tarehe kwenye cheti cha zamani kwa kompyuta. Hilo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji jinai ya udanganyifu inaweza kugusa hata makaratasi ya ukaazi.

Kwa msomaji Mwislamu ambaye dhamiri yake haitulii na bima ya kawaida: Kenya ina kampuni ya bima ya Kiislamu, Takaful Insurance of Africa, tangu 2011, lakini bima ya biashara ya namna hiyo ni ngumu kuipata Marekani. Muulize sheikh wako suala hili mapema, kabla ya meneja kukupa siku mbili za kuleta cheti.

Na tafadhali, usimfanye mtoto wako wa miaka kumi na minne kuwa mkalimani wa mkataba. Kiingereza chake cha shuleni ni kizuri, lakini kurasa hizi huwashinda hata watu wazima wazawa. Omba mkalimani wa simu, au mtafute mtu mzima wa jumuiya mwenye uzoefu, na umpe siku ya kusoma.

Bima ikishakuwapo, piga picha kila jengo kabla ya kugusa mashine: nyufa, rangi iliyobabuka, vioo vilivyoingia ukungu. Mwonyeshe mwenye nyumba na atie saini. Hasara ikitokea, piga picha tena, kisha ijulishe kampuni siku hiyo hiyo. Hapa malezi yetu na mkataba hugombana. Sisi tumefundishwa kusema pole, kukiri mara moja, na kuahidi kulipa ili ujirani usivunjike. Pole ni utu, nawe iseme. Ahadi ya kulipa ni jambo jingine: mkataba wa kawaida unasema malipo au ahadi uliyotoa bila idhini ya kampuni ni juu yako mwenyewe. Mwambie mteja kwa heshima kwamba una bima, mpe jina la kampuni na namba ya mkataba, na umhakikishie kuwa umeshatoa taarifa. Taa ya bustani ya dola 60 ilipe mfukoni na uombe stakabadhi, kwa kuwa dai dogo kama hilo haliifikii hata ile sehemu unayoanza kulipa mwenyewe. Mtu akiumia, hata akisema hajambo, toa taarifa.